Kazi za chuma za kufanya nyumbani na watoto

Habari za saizi wanakikundi, wengi mmeniuliza inboksi muanzie wapi na familia, basi mi nasema anzeni na waya mtupu wa kopa (shaba nyekundu) wala msikimbilie kuchomelea. Kopa ni laini, mtoto anaukunja kwa plaizi anatoa bangili au kishikio cha funguo na anaona matokeo palepale. Ukiupinda na kuugonga sana unakuwa mgumu na mwisho unakatika, hapo mtu mzima auchome moto mpaka uwe mwekundu kwa mbali kisha auzamishe kwenye maji, unarudi laini tena, watoto hiyo sehemu wanaipenda mno!

Mkishazoea njooni kwenye chuma bapa cha mm 3, mnakata kwa msumeno wa chuma, mnabana kwenye jiliwa (kile kibanio cha mezani) mnakipinda bila moto, mnatoboa matundu mawili ya skrubu, kulabu ya makoti tayari. Kingo zote zipigwe tupa alafu msasa kabla mtoto hajashika, hili silegezi kabisa. Miwani kila mtu, hata anayeangalia tu. Wakati wa drili vueni glavu maana zinaweza kunaswa zikavuta mkono, na nywele ndefu zifungwe.

Na tafadhali sana, bati au chochote chenye zinki msikiweke motoni, moshi wake unaleta homa na kuumiza mapafu.

Mkimaliza tupieni picha za kazi hapa, nataka sana kuziona.