Wito wa Harambee ya Maabara na Nyumba ya Walimu, Kaunti ya Tana River

Ndugu wazazi, wanafunzi wetu wa zamani, wana wa Tana River mlioko Malindi, Mombasa, Nairobi na nchi za Ghuba, pamoja na nyote mnaoitakia mema elimu ya watoto wa umma:

Kamati ya harambee ya shule yetu ya msingi na sekondari msingi inawaomba mtusaidie kujenga chumba cha maabara cha wanafunzi wa gredi ya saba hadi ya tisa, na nyumba ya walimu kando yake. Kabla ya kueleza ujenzi wenyewe, tunaomba mtuvumilie tuseme kwa nini shule ya serikali, ambayo kisheria hugharimiwa na serikali, inalazimika kuja kwenu. Jibu linaonekana pale kaunti yetu inapowekwa kando ya nchi nzima na kupimwa nayo.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296 nchini Kenya, na kati yao wakazi wa Tana River walikuwa 315,943. Kwa wastani wa nchi, kila kilomita ya mraba ina watu 82. Kwetu ina 8. Vijiji vya wakulima vimeufuata mto kutoka Madogo hadi karibu na Kipini, na vya wafugaji vimetawanyika mbali na maji, baina ya malka (njia za mifugo kushukia mtoni) moja na nyingine, vingine vikihama kila malisho yanapokauka. Shule ikijengwa mahali pamoja, watoto wengi hawawezi kuifikia kwa miguu. Zikijengwa nyingi ili kila mtoto aifikie, kila moja huwa ndogo. Kaunti yenye watu wengi hailazimiki kufanya uchaguzi huo, na kwa sababu hiyo utaratibu wa kugawa fedha za elimu haukuundwa kwa kuufikiria.

Mwaka 2003, karo ya shule za msingi ilipoondolewa, kila mwanafunzi alitengewa shilingi 1,020 kwa mwaka. Kiwango kilichowekwa baadaye ni shilingi 1,420 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi na 15,042 kwa yule wa sekondari msingi, na ni kile kile kwa mtoto wa Garsen na mtoto wa Nairobi. Atakayekitazama juujuu ataona ni mgao wa haki usio na upendeleo. Sasa chukueni shule ya msingi yenye wanafunzi 110: kwa mwaka mzima hupata shilingi 156,200, ilhali yenye wanafunzi 1,100 hupata shilingi 1,562,000. Shule zote mbili zahitaji mlinzi, vyoo vya wasichana na vya wavulana, tangi la maji na ukarabati wa paa baada ya upepo mkali, na fundi hapunguzi bei kwa kuwa chini ya paa hilo wameketi watoto wachache. Kwetu gharama huongezeka, kwani saruji na mabati husafirishwa kutoka mbali, na mvua zikikata barabara lori hungoja hadi maji yapungue. Aidha, kama walimu wakuu kote nchini wanavyojua, fedha hizo mara nyingi huchelewa na hufika zikiwa pungufu. Shule kubwa huweza kujishikilia kwa wingi wa wanafunzi wake hadi muhula uishe. Shule ndogo haina pa kujishikilia.

Hali hii ina mizizi ya zamani. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965 ulieleza waziwazi kwamba fedha za maendeleo zielekezwe pale ambapo zingeleta ongezeko kubwa zaidi la mazao, yaani kwenye ardhi nzuri, mvua, barabara na watu waliokuwa tayari kuyapokea maendeleo na kuyashiriki. Maeneo kama yetu yalibaki nyuma kwa uamuzi, na anayesema kwamba wazazi wa huku hawathamini elimu anatusingizia. Sensa hiyo ya 2019 inaiweka Tana River, pamoja na Garissa, Wajir, Mandera, Turkana, Marsabit na Samburu, katika kundi la kaunti zenye sehemu kubwa zaidi ya watu ambao hawajawahi kuingia darasani. Wengi wa wazazi wanaotuma watoto wao katika shule yetu wamo katika hesabu hiyo, nao ndio wa kwanza kufika anapoitwa mzazi.

Katiba ya 2010 ilikusudia kurekebisha jambo hili. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na kifungu cha 204 kiliunda Hazina ya Usawazishaji, yenye asilimia 0.5 ya mapato yanayokusanywa na serikali kuu kila mwaka, kwa ajili ya maeneo yaliyotengwa. Mwanzoni kaunti 14 zilitajwa kunufaika nayo, na Tana River ilikuwa miongoni mwao. Hata hivyo, huduma ambazo kifungu hicho kimezitaja kwa jina ni maji, barabara, vituo vya afya na umeme. Serikali ya kaunti nayo, kwa mujibu wa mgawanyo wa majukumu, husimamia elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, wakati shule za msingi na sekondari ziko chini ya serikali kuu. Tumebisha milango yote hiyo, na tutaendelea kubisha, lakini mtoto aliye gredi ya saba mwaka huu hawezi kusubiri.

Tunaisema gredi ya saba kwa makusudi. Sekondari msingi ilianza Januari 2023, na uamuzi wa kuiweka ndani ya shule za msingi ulitufaa sana, kwa kuwa mtoto hakulazimika kwenda mbali na nyumbani. Lakini madarasa tuliyokuwa nayo yalijengwa kwa ajili ya shule ya msingi. Masomo ni 9, likiwemo Sayansi Jumuishi, ambalo haliwezi kufundishwa ipasavyo kwa chaki na ubao pekee. Mwaka 2025 wanafunzi wa kwanza wa gredi ya tisa walifanya mtihani wa taifa, na matokeo yake husaidia kuamua kama mtoto ataingia sekondari ya juu kwa mkondo wa sayansi na teknolojia, wa sayansi za jamii, au wa sanaa na michezo. Mtihani ni mmoja kwa nchi nzima. Mtoto wetu hulinganishwa na mwenzake ambaye amewahi kushika hadubini, ilhali wetu ameiona kwenye picha ya kitabu tu. Hili ndilo linalotuuma kuliko yote: kwamba msichana mwenye akili ya hesabu ataacha mkondo wa sayansi kabla hajajua kama anaupenda.

Nyumba ya walimu tumeiweka katika mpango uo huo kwa sababu maabara bila mwalimu ni ghala. Mwalimu anayetumwa na TSC, yaani Tume ya Huduma za Walimu, kutoka kaunti nyingine hukuta hapa hakuna nyumba ya kupanga. Hukaa kwa hisani ya mwanakijiji, na mafuriko yakija huhama pamoja na mwenyeji wake. Hatumlaumu anapoomba uhamisho.

Mafuriko yanastahili neno la peke yake. Mto Tana hupita kwenye mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yanayoipatia nchi umeme, na mabwawa hayo yakijaa hadi kufurika, maji yote hutushukia sisi tulio chini. Mnamo Aprili na Mei 2024, wizara iliahirisha ufunguzi wa muhula wa pili kote nchini, kisha shule zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Huku kwetu, shule zilizokuwa zimezingirwa na maji au zimegeuzwa kuwa makazi ya waliohama hazikuweza kuifuata tarehe hiyo. Kwa hiyo majengo haya mawili yatajengwa kwenye ardhi ya juu iliyotolewa na wazee wa kijiji, na msingi wake utapanda juu ya alama iliyoachwa na maji ya 2024. Jambo hilo linaongeza gharama, nasi hatutalipunguza.

Wazazi wameshaanza. Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji, ambao wana wao huketi dawati moja, wamekusanya mchanga na mawe pamoja, na vijana wamesafisha kiwanja kwa kukata mathenge, mti vamizi wenye miiba, hadi mizizini. Kinachobaki ni saruji, nondo, mbao, mabati, milango na madirisha, tangi la kuvunia maji ya mvua, paneli za sola, meza za maabara na vifaa vya majaribio. Mnaweza kuchangia fedha, au kununua kifaa kimoja na kukifikisha shuleni. Aliye fundi aweza kuchangia siku zake za kazi.

Mchango huu ni wa hiari. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza karo katika shule ya umma, na hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani, wala kusomewa jina lake mbele ya wenzake, kwa kuwa mzazi wake hakutoa. Fedha zitawekwa katika akaunti ya shule, na zitatolewa kwa saini tatu: ya mwalimu mkuu, ya mwenyekiti wa halmashauri ya usimamizi na ya mweka hazina wa wazazi. Kila mchangaji atapewa stakabadhi, na hesabu zitabandikwa kwenye ubao wa shule kila mwisho wa mwezi hadi ujenzi ukamilike.

Harambee itafanyika katika uwanja wa shule Jumamosi ya mwisho ya likizo ya Agosti, kuanzia saa tatu asubuhi. Mbuzi, kuku na maembe yatakayoletwa yatapigwa mnada baada ya sala ya adhuhuri. Wenye mifugo wanaombwa waifikishe Ijumaa jioni ili isajiliwe. Walio mbali watume kupitia mwanakamati wa eneo lao, nao wadai stakabadhi.

Kamati ya Harambee, kwa niaba ya wazazi na walimu