Safari hii isikilize hadi mwisho

Tanga, 14 Juni 2025

Shoga yangu Rukia,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi hapa hatujambo. Masika yametuachia matope na mbu, watoto wazima. Mama anakusalimu, na anauliza kama huko Muscat mnapata ndizi za kupika au kila siku ni wali. Mjibu mwenyewe, mimi kanichosha.

Kwenye mzigo aliokuletea huyo kijana mna kanga, na ndani ya kanga mna sidii. Kanga ni yako, sidii nataka inirudie. Ningekutumia kwa simu kama kawaida yetu, lakini mwimbaji mwenyewe alikataa katakata nyimbo zake zisiwekwe Spotify, ule mtandao wa kusikilizia muziki, anaona wanamuziki wanapunjwa pale. Basi imebidi ije kwa mkono, kama tulivyokuwa tukiazimana kanda zamani.

Ukiiona picha ya jalada utanuna, najua. Ndiye yule yule Mmarekani wa kinubi, Joanna Newsom. Yule niliyekusikilizisha wimbo wake barazani kwetu, hata dakika haijatimia ukaniuliza, "Huyu kabanwa kidole na mlango?" Nikazima. Nilikasirika siku ile, ila leo nakukubalia nusu. Albamu yake ya kwanza, ya 2004, sauti ilikuwa hivyo kweli: ya kitoto, yenye nyufa, inapanda pale usipoitarajia. Wako walioipenda kwa hilo hilo na wako walioikimbia kama wewe. Hii niliyokuletea ni ya pili, ilitoka Novemba 2006, na inaitwa Ys. Tamka "iis". Binamu yangu wa Uingereza aliiacha hapa alipokuja likizo, nami nimekuwa nikiiweka usiku wakati wa kusahihisha mitihani. Imenichelewesha kusahihisha, wallahi.

Nikupe kidogo habari zake. Kazaliwa 1982 huko California, kakulia Nevada City, kamji ka vilimani ambako zamani watu walikuwa wakichimba dhahabu. (Usichanganyikiwe, mji huu hauko jimbo la Nevada. Mimi nilichanganyikiwa.) Baba daktari, mama daktari. Alikitaka kinubi tangu mdogo, akapitishwa kwanza kwenye piano, ndipo akaruhusiwa. Baadaye akaenda chuo cha Mills, Oakland, kusomea utunzi wa muziki, akaacha njiani. Nyimbo zake za mwanzo alizirekodi mwenyewe nyumbani akagawia marafiki. Nakala moja ikamfikia mwimbaji Will Oldham, na kwa mlango huo akaingia Drag City, kampuni ya muziki ya Chicago. Albamu ya kwanza ina nyimbo 12, nyingi fupi. Watu wakampenda kama mtu anavyopenda kitu kidogo cha ajabu alichookota.

Sasa fikiria wewe ungekuwa yeye. Umependwa kwa vifupi. Mwenye akili ya duka angewapa vifupi vingine 12. Yeye akaja na nyimbo tano tu, dakika 55 na ushee. Wimbo mfupi kuliko zote una dakika saba, mrefu unakaribia 17. Wazungu waliozoea nyimbo za dakika tatu walishtuka kweli. Mimi nilicheka, nikasema hawa hawajakaa arusini kwetu wimbo mmoja wa taarabu ukaisha watu wakiwa wamekwisha kutunza, wamekwisha kukaa, na mwingine kakumbuka ugomvi wake wa mwaka jana akainuka upya. Sisi urefu hautupi tabu. Ndiyo maana nasema wewe hasa, mtu wa ganuni, huna haki ya kuizima.

Na tuseme hiyo ganuni. Kinubi chake ni kile kikubwa cha okestra, kirefu kuliko mtu aliyekaa, chenye nyuzi 47. Wewe kwenye ganuni unageuza vile vichuma vya pembeni kwa mkono wa kushoto, kila kundi la nyuzi na chake. Yeye vyake viko miguuni. Pedali saba, moja kwa kila noti, na kila moja ina ngazi tatu: nusu chini, katikati, nusu juu. Akikanyaga ya do, basi do zote za kinubi kizima zinageuka kwa pamoja. Kwa hiyo huyu bibi anaimba maneno mengi kama utenzi, mikono miwili iko kwenye nyuzi, na huku chini miguu inapiga hesabu zake. Sikiliza hasa mkono wa kushoto. Alipokuwa msichana, mwalimu kwenye kambi ya muziki alimfundisha mipigo ya kora, ala ya nyuzi ya Afrika Magharibi: mkono mmoja unakwenda mapigo manne, mwingine matatu kwa muda ule ule, inakutana mbele ya safari na kuachana tena. Ukishaijua huwezi kutoisikia. Mimi niliisikia kabla ya kuisoma, nikajiuliza ngoma imetoka wapi kwenye nyumba isiyo na ngoma.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni jinsi ilivyorekodiwa. Alitaka okestra, naye akaenda kumtafuta Van Dyke Parks, mzee aliyefanya kazi na Brian Wilson wa bendi ya Beach Boys miaka ya 1960. Mpangaji wa ala yule, fundi hasa, mtu wa mapambo. Mtu wa kawaida angekusanya okestra kwanza, wakaandika hesabu, mwimbaji akaja juu yake akafuata. Hawa walianzia kinyume. Sauti yake na kinubi vikarekodiwa kwanza, peke yake, jinsi alivyotaka yeye: anapovuta pumzi anavuta, anapokimbia anakimbia, anapotaka kusimama kwenye neno anasimama. Aliyerekodi ni Steve Albini, Mungu amrehemu, alifariki 2024. Huyu kazi yake ilijulikana kwa magitaa ya kelele, ndiye aliyerekodi albamu ya mwisho ya studio ya bendi ya Nirvana. Kisha Parks akakaa na hiyo kanda, akaandika ala juu ya pumzi za mtu ambaye kishamaliza kuimba, na bibi akawa anamrudishia na kurekebisha mstari kwa mstari. Ndipo wapigaji kama 30 wakaingia studio. Mwisho fundi mwingine, Jim O'Rourke, akachanganya sauti kwenye kanda za sumaku.

Umeona, Rukia? Okestra nzima inamfuata yeye. Wewe ndiwe uliyenifundisha hili kwa kulalamika: kwamba siku hizi kinanda kikishawekewa mdundo wake, mwimbaji anakuwa punda wa mdundo. Zamani wapigaji fidla walikuwa wakimtazama mwimbaji mdomoni. Humu hawakuwa hata na mdomo wa kuutazama, maana yeye hakuwepo tena pale, na bado wanamfuata. Kuna mahali violini zinachelewa kidogo kwa sababu yeye alichelewa. Na akodiani ipo, utafurahi, anaipiga Parks mwenyewe.

Wimbo wa kwanza unaitwa kwa jina la dada yake, Emily, mtaalamu wa elimu ya nyota, na dada mwenyewe anaitikia humo ndani. Dakika 12 za mto, bonde, baba, na nyota walizokuwa wakifundishana majina. Pale kwenye kiitikio anakariri somo la dada: jiwe lililoko angani lina jina lake, mwanga tunaouona una jina lake, na jiwe lililokwisha kuanguka lina jina la tatu. Basi kayachanganya! La juu kalipa jina la chini na la chini jina la juu. Watu wa nyota hawakumwachia. Mimi nikawaza, angeimba Kiswahili asingekosea, kwetu kinachopita angani ni kimondo, na kile kilicholala Mbozi miaka yote ni kimondo vile vile. Halafu nikaona kosa lenyewe ni zuri kuliko somo. Mtu anamkumbuka dada yake kwa mapenzi, si kwa usahihi.

Wa pili ni hadithi ya nyani na dubu. Nyani dume, dubu jike, wametoroka shambani kwa mwenyewe. Nyani maneno matamu, tutakuwa huru, mpenzi, tutaishi; ila njaa ikiwauma anayecheza mbele za watu kutafuta chakula ni dubu. Nyani anahesabu. Mwisho dubu anaingia baharini taratibu, anajivua manyoya yake mawimbini. Usiniulize nilimfikiria nani. Unamjua, na talaka unayo. Hapo ndipo okestra inapozidi, kwa maoni yangu. Kila neno linapewa mlio wake, kama mtu anayekueleza kichekesho huku akikugusa bega. Parks nimemsamehe kwa mengine.

Kwa sababu wa tatu hauna okestra kabisa. Kinubi na yeye, dakika karibu kumi, na huo ndio ninaourudia. Baada ya violini zote zile, ukimya unaozunguka nyuzi unasikika kama mtu kaingia chumbani akafunga mlango. Uweke usiku, mumeo akilala.

Wa nne ndio ule wa dakika 17, na sitakudanganya, mara ya kwanza nilipotea. Unabadilika, unageuka, unaanza tena. Karibu na mwisho sauti ya mwanamume, Bill Callahan, inaingia kumjibu, nzito, imetulia, na ghafla unagundua kumbe muda wote alikuwa akizungumza na mtu. Kuhusu maneno: mimi mwalimu wa Kiingereza mwaka wa 19 huu na kamusi imenitoa jasho. Anatumia maneno ya kale, majina ya ndege na majani, kama wale wazee wa Lamu wanaokuwekea neno ambalo hata bibi yako hulisikia tu. Lakini angalia kijitabu, maneno yote yamo. Vina vya mwisho anavyo, halafu anakuwekea na vya kati, tena vinapishana mstari hadi mstari. Nilimsomea mjomba kipande, Kiingereza hajui hata salamu, akasema, "Huyo kafundishwa na nani mizani?"

Mwaka aliotungia haya ulikuwa mzito kwake; alifiwa na rafiki yake wa karibu. Wimbo wa mwisho, Cosmia, ni wa huyo rafiki. Cosmia ni aina ya nondo, na ndiye utakayemwona kwenye picha ya jalada, ndani ya fremu aliyoishika mkono mmoja, mkono wa pili ana mundu. Mchoro huo aliuchora Benjamin Vierling kwa rangi za mafuta na za ute wa yai, jinsi walivyochora Wazungu wa karne nyingi nyuma. Nilipouona mara ya kwanza kwenye simu ya binamu nikadhani ni bibi wa kizamani kweli. Bibi yangu, unakumbuka, alikuwa hataki tuwapige nondo wanaozunguka taa. Hakusema kwa nini. Huo wimbo nikausikiliza mara mbili, mara ya tatu nikazima nikaenda kumtazama mama kama amefunikwa chandarua.

Na jina Ys: ni mji wa hadithi wa pwani ya Bretagne, Ufaransa. Ulijengwa chini kuliko bahari, ukakingwa kwa ukuta na lango, ufunguo anao mfalme. Binti yake akauiba usiku, akafungua, bahari ikaingia. Mfalme akatoka na farasi, binti akabaki majini. Nilikumbuka magofu ya Tongoni, siku ile ya shule tuliposimama makaburini maji yakijaa na wewe ukataka kujua watu wa hapa walijua wanakwenda au waliamka tu.

Sasa la mwisho. Ganuni yako bado iko kwangu, nimeifunika shuka, panya hawajaifikia. Ila nilijaribu kupiga ule mkono wa kushoto wa wimbo wa tatu, nne kwa tatu, bila pete za vidole, kwa kucha zangu hizi. Nyuzi tatu zimekatika. Nilikuwa nisikuambie. Huko Muscat najua zinauzwa, basi nunua, na sidii ukiirudisha itie nyuzi humo humo ndani. Na niandikie umesikia nini kwenye pumzi zake zile, si kwa ujumbe wa simu, kwa barua.

Mimi shoga yako,
Mwanahamisi