Ukuta wa Maruhubi nao utunzwe

Mhariri,

Kila inapozungumzwa kasri ya Maruhubi, kaskazini mwa Mji Mkongwe, husifiwa hamamu yake na nguzo zilizobeba roshani ya mbao kabla ya moto wa mwaka 1899, ilhali ukuta wa bustani hutajwa kwa nadra. Sayyid Barghash bin Said, sultani wa Zanzibar aliyeijenga kasri hiyo, aliitembelea Uingereza mwaka 1875, na wapo wanaoamini, nami nakubaliana nao, kwamba kuta za majumba ya shamba alizoziona huko ndizo zilizomvutia kuizungushia kasri yake ukuta mkubwa, ingawa kwa mawe ya matumbawe na chokaa ya kwetu.

Chokaa hiyo ndiyo hoja yangu. Jiwe la tumbawe lina vitundu vingi, hunyonya maji ya mvua na chumvi ya bahari, na chokaa huyaacha maji hayo yatoke polepole. Saruji huyafungia ndani, mpaka chumvi ikaula uso wa jiwe na lipu ikabanduka. Naziomba mamlaka zinazohusika zisiruhusu kiraka cha saruji, hata kidogo, katika ukuta huo, na mafundi wa chokaa waitwe mapema, kwa kuwa kazi yao huhitaji muda wa kukauka kabla ya masika.

Msomaji,
Unguja