Ryder Cup 2027: nani anakwenda?

Habari za jioni, wanakikundi. Safari yetu ya kwenda kutazama Ryder Cup, mashindano ya gofu kati ya timu za Ulaya na Marekani, katika uwanja wa Adare Manor, Ayalandi, imeiva: mashindano ni Septemba 17 hadi 19, 2027, miaka 100 tangu Ryder Cup ya kwanza. Kifurushi kina tiketi za siku zote tatu, hoteli ya nyota tano na gari la kutupeleka uwanjani. Tuwahi tii ya kwanza (pale mchezo unapoanzia) Ijumaa alfajiri, maana shangwe za pale hazifanani na gofu tuliyoizoea. Suala la viza msilicheleweshe: Ayalandi haimo Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), kwa hiyo hata mwenye viza ya Ufaransa aombe ya Ayalandi. Ukiamua, niandikie pembeni tupange malipo ya awali. Na koti la mvua ni lazima, jamani.