Msifungie karanga kauntabuku za mzee

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua, maana kuna jambo limenikaa kooni tangu tumalize arobaini ya baba.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, usiku anaandika hadithi za kisiwa alichokitunga mwenyewe, kisiwa ambacho hakipo popote ila kwenye kauntabuku zake saba. Siku ya kugawana vitu shemeji mmoja kachukua kauntabuku ya nne kampa mama muuza karanga pale nje, eti makaratasi tu haya. Sikumlaumu sana, hata mimi siku ile macho yangu yalikuwa kwenye kabati.

Baadaye ndo nikakutana na habari za Christopher Tolkien, mtoto wa J.R.R. Tolkien yule wa The Lord of the Rings ambayo wengi wetu tumeijua kwa sinema. Mzee kafariki 1973 na kazi iliyokuwa moyoni mwake kuliko zote, The Silmarillion, haijaisha, yaani alianza kuziandika hadithi zake wakati wa vita vya kwanza vya dunia akiwa mgonjwa, akawa anaandika na kufuta na kuandika upya zaidi ya miaka 50! Alichoacha ni rundo la makaratasi, mengine ya penseli yamepitishiwa wino juu, hadithi ileile ina sura tatu nne na majina yamebadilika. Kijana akaacha kazi yake chuoni Oxford, 1977 akatoa kitabu, vipande vimeshonwa vikawa hadithi moja. Wengine wangepumzika hapo. Yeye akarudi kwenye makaratasi, akatoa juzuu 12 kuanzia 1983 hadi 1996, anaonyesha baba aliandika nini kwanza, akabadilisha nini, na mahali alipokosea yeye mhariri anasema wazi. Kitabu cha mwisho kilitoka 2018, ana miaka 93.

Lakini kilichonichekesha ni cha utotoni. Christopher na nduguze wanasimuliwa The Hobbit, hadithi nyingine ya mzee, mhusika wake mkuu anaitwa Bilbo, Christopher anamkatiza baba: juzi ulisema mlango wa Bilbo ni wa bluu, mbona leo kijani? Mzee akaguna, akaenda kuandika.

Aisee, huyo ni dada yangu kabisa! Alikuwa anamwambia baba, jana ulisema jahazi la chumvi linakuja na kusi, mbona leo kaskazi? Na baba haendelei mpaka afungue kauntabuku ahesabu, maana upepo ukibadilika safari ya siku mbili inakuwa tano, chumvi inachelewa, samaki wanaoza, na harusi ya binti wa liwali haifanyiki mwezi ule. Watu wanadhani kutunga nchi ya kufikirika ni kuweka majini na upanga wa moto, kumbe ni chumvi hiyo. Tolkien mwenyewe alisema alianza na ramani, halafu hadithi ndo ikafuata ramani.

Sasa mchapishaji mmoja kaniambia niunganishe, nitoe yanayopingana, kitoke kitabu kimoja kisafi. Kwenye kauntabuku ya pili malkia anazama baharini, kwenye ya tano yu hai anasuka mikeka, hajui kama alishawahi kuwa malkia. Nimtoe yupi? Nimekataa, nataka zitoke zote mbili na tarehe zake kama baba alivyoziandika pembeni. Labda sitauza hata nakala mia, sawa tu.

Na msiseme haya ni mambo ya wazungu. Shaaban Robert alitutungia Kusadikika na Kufikirika, na hiyo Kufikirika ilitoka 1967, miaka mitano baada ya yeye kufariki. Barua zake tunazisoma leo kwa sababu mdogo wake alizitunza miaka yote ile, hakuzifungia kitu.

Kwa hiyo mhariri shida yangu ni kauntabuku ya nne. Ina jalada jekundu, kwa ndani kuna ramani ya kisiwa chenye umbo la figo, bandari iko upande wa magharibi, na maandishi ya peni ya bluu yaliyolalia kushoto. Kama kuna msomaji wa Korogwe amewahi kufungiwa karanga kwenye karatasi ya namna hiyo na kwa bahati hajaitupa, hata kipande, naomba akilete ofisini kwenu, nitakifuata.

Msomaji wenu,
Korogwe