Kabla ya kupakua programu ya mashine pepe, ingia kwanza kwenye BIOS

Mashine pepe ni kompyuta nzima inayoendeshwa na programu ndani ya kompyuta yako, na BIOS ni mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Juzi mwanafunzi mmoja alituletea laptopu dukani kwetu Wandegeya, Kampala. Alikuwa amemaliza bando lake lote kupakua Ubuntu (mojawapo ya mifumo ya Linux), faili la karibu GB 6, na kila alipojaribu kuifungua ndani ya VirtualBox, programu ya mashine pepe, alikuta maandishi haya: VERR_VMX_MSR_ALL_VMX_DISABLED. Alikuwa ameifuta na kuisakinisha upya VirtualBox mara tatu, na rafiki yake alishamwambia ahamie VMware, programu nyingine ya aina hiyo. Programu haikuwa na kosa lolote. Tuliizima laptopu, tukaiwasha huku tunabonyeza F10 kwa kuwa ni HP, tukatafuta mstari wa Virtualization Technology, yaani swichi inayoruhusu prosesa kuendesha mashine pepe, tukauwezesha na kuhifadhi. Ubuntu ikafunguka palepale.

Kisa hiki tunakiona sana, hasa kwa laptopu za mitumba. Kuingia BIOS kwenye Dell bonyeza F2, kwenye ThinkPad F1. Prosesa za AMD huuita mstari huo SVM Mode. Dalili nyingine ya swichi hiyo kuzimwa ni VirtualBox kukuonyesha mifumo ya biti 32 peke yake.

Jambo la pili ni memori (RAM). Mfumo ulio kwenye kompyuta yako ni mwenyeji, ule unaouongeza ni mgeni, na wote wawili wanakula sahani moja kwa wakati mmoja. Mteja mwenye GB 4 huwa tunamshauri aongeze RAM kwanza. Hatupendi kuchukua pesa ya mtu kwa kazi itakayomtesa. GB 8 inamtosha mgeni mmoja wa Linux. Kwa Windows 11 ndani ya Windows 11, tafuta GB 16, na diski iwe SSD.

Sasa programu yenyewe. Wateja wetu wengi tunawawekea VirtualBox: ni bure, inakaa kwenye Windows na Linux, na ni rahisi kujifunza. Wenye ofisi wawe makini na kifurushi chake cha nyongeza, Extension Pack, kwa sababu leseni yake ni bure kwa matumizi binafsi na ya masomo, si ya biashara. VMware Workstation Pro zamani ilikuwa ya kulipia, lakini tangu Novemba 2024 ni bure hata kwa biashara, nasi tunaipendelea pale mgeni anapohitaji skrini yenye picha nzuri. Hyper-V, ya Microsoft yenyewe, imo tayari ndani ya Windows Pro, ila haimo katika Windows Home. Aliye na Linux atumie KVM, iliyomo ndani ya Linux yenyewe. Wenye Mac za prosesa ya M1 na kuendelea wachukue UTM, programu ya mashine pepe ya Mac, na mgeni wao awe toleo la ARM, yaani lililotengenezwa kwa aina hiyo ya prosesa, la sivyo atajikokota mno.

Mwanafunzi anayetaka tu kujifunza amri za Linux hahitaji hata mojawapo ya programu hizi. Aandike wsl --install kwenye Windows yake, amri inayoleta Linux ndani ya Windows, basi.

Ukiona kobe mdogo wa kijani chini ya dirisha la VirtualBox, ujue Hyper-V imeshika prosesa na mgeni wako anapita mlango wa nyuma. Ndiyo maana anakwenda polepole.

Linalotuuma zaidi ni hili. Mfanyabiashara mmoja alikuwa na programu ya zamani ya hesabu isiyokubali Windows mpya, akaiweka ndani ya mashine pepe ya Windows 7. Uamuzi mzuri kabisa. Kila Ijumaa alichukua snapshot, yaani kumbukumbu ya hali ya mashine pepe wakati huo, akiamini amehifadhi nakala. Diski ilipokufa, snapshot zote zilikuwa kwenye diski ileile, na hesabu za miaka miwili zikaenda nazo. Snapshot hukurudisha nyuma ukikosea. Haikuokoi diski ikifa. Mzime mgeni, tumia Export Appliance upate faili la OVA lenye mashine pepe nzima, kisha lihamishie kwenye diski ya nje. Fanya hivyo kabla umeme haujakatika, si baada.

Kukagua kama kompyuta yako inafaa hatutozi kitu, na Ubuntu tunayo kwenye flashi, usimalize bando. Njoo na chaja. Na kama laptopu ni ya mitumba, muulize aliyekuuzia kama BIOS ina nywila: nyingine hutoka kwenye maofisi ya nje zikiwa bado zimefungwa, na bila nywila hiyo swichi hatuifikii.