Kwa vijana wa kwaya, kabla ya alfajiri ya Pasaka

Wajukuu zangu,

Jumamosi hii mtafyeka majani makaburini na kupaka chokaa, tujiandae kwenda huko Jumapili kungali giza. Ni desturi yetu Wamoravian tangu vijana wa Herrnhut, Ujerumani, walipopanda mlimani kwenye makaburi yao alfajiri ya Pasaka mwaka 1732. Mwaka huu lipo kaburi moja lisilohitaji kufyekwa. Udongo wake bado tifutifu, mvua inautitia, na mashada hayajanyauka yote. Mwenzenu wa sauti ya pili amelala hapo.

Nimewasikia mkimwambia mama yake, "Mama usilie, atafufuka." Atafufuka kweli, wala sina shaka. Ila mmemharakisha. Mmemtoa Ijumaa Kuu mkamfikisha Pasaka, siku ya katikati mkairuka.

Nilipomzika mwanangu, mtu alinikataza kulia siku ya tatu tu, tena Biblia mkononi. Miaka mingi nikadhani machozi yangu ni upungufu wa imani. Kilichonifungua ni mstari wa mwisho wa Luka 23. Wale wanawake wa Galilaya waliona mwili ulivyowekwa, wakarudi, wakatayarisha manukato na marhamu, sabato wakapumzika. Basi. Hatusomi kwamba waliimba, wala kwamba walitiana moyo kwa maneno. Manukato yale yalikuwa ya maiti. Nikodemo naye alikuwa ameleta manemane na udi yapata ratli mia, kama kilo 33 hivi, na mzigo wa namna hiyo huletwa na mtu aliyekuja kuzika. Hakuna kati yao aliyetazamia kaburi wazi.

Hata hivyo kanisa linakiri kwamba Bwana alishuka kuzimu. Walipokuwa wamekaa kimya majumbani, macho yamevimba, yeye alikuwa ameingia hata huko, nao hawana habari. Hapo ndipo tumaini langu lilipo, wanangu. Halikungoja mpaka wanawake wale wawe wamelihisi mioyoni. Kulipopambazuka waliondoka wakiwa bado wanalia, manukato mikononi, na jiwe lilikuwa limekwisha kuondolewa.

Basi Jumamosi mwendeeni yule mama mapema. Msibebe mahubiri. Mchoteeni maji, mmenyeeni ndizi, mkae. Akianza kusimulia siku ile mtoto alivyomuaga akiwa na daftari la nyimbo kwapani, msikilizeni, hata kama mmeshaisikia mara tatu. Akilia, mwacheni alie. Asipotaka kuja makaburini, asilazimishwe; wasichana wawili wabaki naye, wasihesabu kuwa ni kukosa ibada.

Akija, nitamshika mkono mimi. Ile nafasi ya mwanawe kwenye mstari wa sauti ya pili iacheni wazi, asisimame mtu. Na mchungaji akitamka, "Bwana amefufuka," itikieni kwa nguvu zenu zote, hata atakayekuwa hana sauti siku hiyo aisikie ya kwenu.

Bibi yenu, mzee wa kanisa,
Rungwe